Vipimo vya moyamoya: Dopla ya kichwa, CT, MRI na anjiografia, kipi kina thamani ya pesa yako

Kama mtoto hulegea mkono au mguu kila akilia sana, halafu baada ya dakika 10 au 20 anarudi kucheza kana kwamba hakuna kilichotokea, usikimbilie CT ya kichwa, yaani picha ya eksirei inayopigwa kwa kompyuta. Ndicho kipimo kinachopatikana kirahisi, ndicho kinachoandikwa kwanza kwenye fomu, na kwa tatizo hili ndicho kinachorudi na neno "kawaida" huku ugonjwa ukiendelea kubana mishipa. Hapa tunatathmini vipimo vinavyouzwa hospitalini na kwenye vituo vya picha, na tunavihukumu kwa jambo moja tu: je, kinaukamata moyamoya unapojitokeza mara ya kwanza, kabla sehemu ya ubongo haijafa?

Moyamoya ni ugonjwa adimu wa ateri za ubongo. Karotidi ya ndani, ateri kuu inayopanda kutoka shingoni kulisha ubongo, ikishaingia kwenye fuvu hugawanyika kuwa tawi la mbele na tawi la kati. Pale pale kwenye mgawanyiko ukuta wa ateri hunenepa kwa ndani na njia ya damu husinyaa, kwa kawaida pande zote mbili, polepole, kwa miezi na miaka. Damu ikikosa njia kuu, vishipa vidogo vilivyo chini ya ubongo hutanuka ili viibebe. Kwenye picha vinaonekana kama wingu la moshi, na ndiyo sababu Suzuki na Takaku wa Japani waliupa ugonjwa jina hilo mwaka 1969, miaka 12 baada ya Takeuchi na Shimizu kuueleza kwa mara ya kwanza. Japani na Korea ndiko wagonjwa walipo wengi. Lakini hali hiyo hiyo huwapata pia watu wenye sikoseli, wenye ugonjwa wa Down, wenye nyurofaibromatosisi aina ya kwanza (ugonjwa wa vinasaba wa neva na ngozi), na waliowahi kupigwa mionzi kichwani kwa ajili ya uvimbe. Kwa Afrika Mashariki, sikoseli ndiyo mlango mkubwa.

Kabla ya kulipia kipimo chochote, fahamu unachokitafuta

Kipimo kizuri kikiagizwa kwa swali bovu hakisaidii. Kwa watoto, hasa walio kati ya miaka 5 na 10, moyamoya huanza kwa ubongo kukosa damu kwa muda mfupi: mkono unalegea, kijiko kinadondoka, mdomo unakwenda upande, maneno hayatoki, au upande mmoja unakufa ganzi. Kisha yote yanapita. Kinachoutofautisha ni kile kilichotangulia: kulia kwa hasira, kukimbia, kupuliza puto au filimbi, kupuliza uji wa moto, kuchochea jiko la mkaa kwa pumzi, kuimba kwa nguvu. Mtu anapohema haraka namna hiyo, hewa ya kaboni (kaboni dioksidi) hupungua kwenye damu, na mishipa ya ubongo hujibana. Kwa mtoto mwenye afya hilo halina madhara, kwa sababu ana akiba. Kwa mwenye moyamoya, mishipa iliyo mbele ya sehemu iliyobanwa imekwisha kutanuka hadi mwisho ili kupata damu ya kutosha tu. Ikijibana kidogo, ubongo unapungukiwa.

Dalili ya pili yenye uzito mkubwa ni kuhamahama kwa upande. Leo mkono wa kulia, mwezi ujao wa kushoto. Magonjwa machache sana ya mtoto hufanya hivyo, kwa hiyo mzazi akitaja jambo hili, daktari anapaswa kuacha kuandika na kusikiliza.

Zipo pia sura nyingine za mwanzo: kichwa kinachouma asubuhi pamoja na kutapika, degedege bila homa, mikono inayochezacheza yenyewe bila mtoto kutaka, na mtoto aliyekuwa akifanya vizuri darasani ambaye anaanza kusahau na kuchelewa kumaliza kazi. Hapa ndipo upotevu mwingi wa muda unapotokea. Mtoto huambiwa anadeka, au ana mapepo, au huanzishiwa dawa za kifafa na kuendelea nazo miaka. Dawa za kifafa hazifungui ateri. Tofauti ya kuangalia ni kwamba kwenye kifafa mkono mara nyingi hukakamaa au kurusharusha kwanza na fahamu huweza kupotea, ilhali ubongo ukikosa damu mkono hulegea tu na mtoto anakutazama akiwa na akili zake. Si kanuni isiyovunjika: ubongo kukosa damu sana kunaweza kutikisa mkono, na moyamoya wenyewe huweza kuleta degedege halisi. Ndiyo maana video ya simu ya sekunde 30 ina thamani kuliko maelezo ya nusu saa. Rekodi uso, kisha mikono yote miwili ikiwa imenyooshwa mbele, kisha mwambie mtoto ataje jina lake. Andika saa ilipoanza, saa ilipoisha, na alichokuwa akifanya.

Kwa watu wazima sura hubadilika. Wengi ni wa miaka 30 hadi 50, na wanawake ni karibu mara mbili ya wanaume. Japani na Korea karibu nusu yao huanza na damu kuvuja ndani ya ubongo, kwa sababu vile vishipa vidogo vimebeba mzigo visivyoumbwa kuubeba na hupasuka: kichwa kuuma ghafla, kutapika, kupoteza fahamu. Marekani na Ulaya wengi zaidi huanza na kiharusi cha kukosa damu. Mwanamke wa miaka 35 asiye na presha, asiye na kisukari, anayepata kiharusi, hasa mwenye damu ndani ya vyumba vya maji vya ubongo, hafai kuruhusiwa kwenda nyumbani kwa kuambiwa tu "ni presha" kabla mishipa yake haijapigwa picha.

CT ya kichwa isiyo na dawa

Hupigwa bila sindano ya dawa inayong'arisha mishipa. Ni ya haraka, dakika chache tu, na ipo karibu kila hospitali ya rufaa. Kwa mtu aliyeanguka na kupoteza fahamu ndiyo ya kwanza bila ubishi, maana damu iliyovuja huonekana papo hapo. Kwa mtoto aliyelegea mkono dakika 10 na kupona, haina kazi. Ubongo kukosa damu kwa muda mfupi hakuachi alama, na hata kiharusi halisi kinaweza kisionekane kwenye CT kwa saa nyingi za mwanzo. CT hiyo haionyeshi ndani ya ateri hata kidogo. Mara chache utaona makovu ya zamani yaliyopangana kwenye mipaka kati ya eneo la ateri moja na jingine, na msomaji makini wa picha atashtuka. Lakini hayo ni madhara yaliyokwisha kutokea.

Hukumu yetu: dharura, ndiyo. Kuutafuta moyamoya kwa mtoto anayetembea, hapana. Mtoto anapata mionzi, na mzazi anapata faraja isiyo na msingi.

Dopla ya shingo

Dopla ni kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoonyesha mwendo wa damu. Hii ya shingo tunaitaja kwa sababu huagizwa sana baada ya kiharusi, na kwa sababu bei yake ni nafuu. Huona karotidi shingoni. Moyamoya uko juu zaidi, ndani ya mfupa. Mpimaji hodari anaweza kugundua kuwa karotidi ya ndani imekuwa nyembamba ghafla baada ya mgawanyiko wa shingoni na kutia alama ya shaka, lakini ripoti nyingi huandika "hakuna mafuta, hakuna mbano" na mgonjwa anaenda nyumbani. Usilipie hii kama jibu.

Dopla ya kichwa

Hii ndiyo tunayoipa alama za juu kabisa kwa thamani ya pesa, ila kwa kundi moja: watoto wenye sikoseli wa miaka 2 hadi 16. Haina mionzi, haina sindano, mashine hubebwa mkononi, na kipimo huchukua takriban nusu saa. Kichwa cha mashine cha megahezi 2 huwekwa juu kidogo ya shavu, mbele ya sikio, mahali mfupa wa fuvu ulipo mwembamba. Mpimaji hufuata ateri ya kati hatua kwa hatua kuelekea ndani hadi anapofika mgawanyiko wa karotidi, akichukua kasi ya damu kila baada ya milimita 2, kisha anarudia upande wa pili.

Mipaka inatokana na utafiti wa STOP uliochapishwa Marekani mwaka 1998. Kasi chini ya sentimita 170 kwa sekunde ni ya kawaida kwa mtoto wa sikoseli. Kati ya 170 na 199 ni ya kuangaliwa. Ikifika 200 au zaidi, hatari ya kiharusi ni kubwa kiasi kwamba mtoto anahitaji kuanza kinga. Katika utafiti huo, kuongezewa damu mara kwa mara kulipunguza kiharusi kwa asilimia 92. Kwa nchi ambazo damu salama ya kila mwezi haipatikani kirahisi, haidroksiyurea, dawa ya sikoseli ya kumeza, imekuwa njia inayotekelezeka. Utafiti wa SPHERE katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, ulijengwa juu ya mpango huo huo: chuja kwa Dopla, kisha anzisha dawa.

Sasa makosa, maana ndiko ripoti nyingi huharibika. La kwanza ni namba yenyewe. Mashine huonyesha kasi kadhaa kwenye kioo kimoja. Mpaka wa 200 ni wa wastani wa kasi ya juu kwa mzunguko mzima wa pigo la moyo, si wa kilele cha pigo. Kilele kinacholingana na 200 hiyo ni karibu 250. Mpimaji akiandika kilele mahali pa wastani, mtoto mzima anaingizwa kwenye damu ya kila mwezi bila sababu. Ripoti isiyosema ni namba gani iliyosomwa irudishwe.

La pili ni hali ya mtoto. Akiwa analia, kaboni hushuka na kasi hushuka, hatari inafichika. Akilala usingizi, kaboni hupanda na kasi hupanda; hatari inazushwa. Homa hupandisha. Damu aliyoongezewa karibuni hushusha. Kwa hiyo mtoto apimwe akiwa macho, ametulia, hana homa, na kama ameongezewa damu kipimo kisubiri au angalau ripoti iseme. Katuni kwenye simu ya mama hufanya kazi nzuri kuliko kumshika kichwa kwa nguvu.

La tatu ni aina ya mashine. Zile zenye picha ya rangi kwa kawaida husoma chini kidogo kuliko zile zisizo na picha zilizotumika kwenye STOP, kwa hiyo kituo kinachotumia mashine ya picha kinapaswa kuwa na mpaka wake wa chini zaidi na kuuandika.

La nne ndilo linalohusu moyamoya moja kwa moja. Watu wamezoea kuogopa namba kubwa. Ateri ikishabanwa sana, damu inayopita ni kidogo na kasi inaanguka. Mtoto wa sikoseli aliyesoma 190 mwaka jana, akasoma 60 mwaka huu upande mmoja, au ambaye mpimaji "hakupata" ateri upande mmoja ilhali mwingine uliipata vizuri, hajapona. Huyo apelekwe MRI wiki hiyo hiyo.

Nje ya sikoseli tunaishusha alama. Mpaka wa 200 hauwahusu watoto wasio na upungufu wa damu; kwao kasi ya kawaida ni ya chini zaidi, na ateri inaweza kuwa imebanwa vibaya bila kukaribia 200. Kwa watu wazima, baadhi hawana kabisa ile sehemu nyembamba ya mfupa ya kupitisha sauti, na kipimo kinashindikana.

MRI pamoja na MRA

Kwa mtoto au mtu mzima mwenye dalili zilizoelezwa juu, hapa ndipo pesa iende. MRI ni picha ya ubongo kwa nguvu ya sumaku; MRA ni picha ya mishipa kwa mashine ile ile. Tunasema "pamoja" kwa makusudi. MRI ya ubongo bila MRA ni nusu ya kazi, na bado ndiyo inayofanyika mara nyingi kwa sababu fomu iliandikwa "MRI ya ubongo" tu na fundi akafanya alichoambiwa. Fomu iandikwe hivi: MRI ya ubongo na MRA ya mishipa ya ndani ya fuvu, bila dawa ya sindano, swali: je, kuna mbano kwenye ncha za karotidi za ndani na mwanzo wa matawi ya kati na ya mbele? Sentensi hiyo moja hubadilisha jinsi picha zinavyopigwa na zinavyosomwa.

Mashine iwe ya Tesla (kipimo cha nguvu ya sumaku) 1.5 au zaidi. Zile za wazi zenye nguvu ndogo, 0.2 hadi 0.4, zinafaa kwa magoti na migongo. Kwa ateri hizi hazitoshi. Uliza kabla ya kulipa, mapokezi wanajua au wanaweza kumuuliza fundi. Picha zinazohitajika ni hizi: ile inayoonyesha kiharusi kipya ndani ya saa chache, T2, FLAIR, ile inayoonyesha chembe za damu ya zamani, na MRA inayofunika kuanzia chini ya fuvu hadi juu ya mzunguko wa mishipa. Kipimo chote ni takriban dakika 30 hadi 45. Dawa ya sindano haihitajiki mwanzoni, na kituo kinacholazimisha kuiongeza kwenye bili kielezwe kitoe sababu. Sababu ipo pale daktari anaposhuku ukuta wa ateri una uvimbe wa maambukizi.

Ripoti nzuri utaijua. Haisemi "mishipa iko sawa" kwa mstari mmoja. Inataja ncha ya karotidi ya kulia na ya kushoto kila moja peke yake, mwanzo wa tawi la kati, tawi la mbele, na ateri za nyuma. Inasema kama kuna vidoto vyeusi vingi ndani ya viini vya chini vya ubongo kwenye T2, ambavyo ndivyo vishipa vilivyotanuka. Inasema kama FLAIR ina mistari myeupe kwenye mifereji ya juu ya ubongo, dalili ya damu inayotembea polepole mno. Tunapendelea msomaji anayefungua pia vipande vya asili vya MRA, si ile picha moja ya kuzungushwa inayopendeza macho, kwa sababu ile ya kuzungushwa huficha na kutia chumvi.

Na kutia chumvi ndiyo kasoro kuu ya MRA. Damu inapopita kwa msukosuko, picha hupoteza rangi mahali hapo na ateri huonekana imebanwa kuliko ilivyo. Kwenye sikoseli, damu nyepesi hukimbia na msukosuko ni mwingi. Kwa hiyo usikubali neno "imeziba kabisa" kutoka MRA peke yake. Kubali "imebanwa, ithibitishwe". Waya za meno nazo huharibu picha ya eneo hili.

Jambo la hatari kuliko yote kwenye MRI ya mtoto halimo ndani ya mashine. Mtoto wa miaka 4 hawezi kutulia dakika 40, kwa hiyo hupewa dawa ya usingizi, na kwa ajili hiyo huambiwa asile wala asinywe. Akipangiwa zamu ya mwisho, anaweza kukaa na kiu tangu saa mbili usiku hadi saa nane mchana, akilia. Kwa mwenye moyamoya, kiu na kilio ni mambo mawili yanayoleta kiharusi. Dai zamu ya kwanza asubuhi. Uliza kama anaruhusiwa maji meupe hadi zibaki saa 2 kabla ya kupewa dawa. Kwa kawaida anaruhusiwa. Akichelewa, awekewe dripu. Mtaalamu wa usingizi aambiwe shaka ni nini, ili apime hewa ya kaboni wakati wote na asiiache ishuke wala presha ianguke. Kituo kisichokuwa na kipimo cha kaboni kwenye chumba cha MRI hatukipendekezi kwa mtoto wa aina hii, hata kama bei ni nusu. Mtoto wa miaka 7 na kuendelea anayeelezwa vizuri na kusikilizishwa kelele za mashine kwenye simu siku moja kabla, mara nyingi hahitaji usingizi kabisa.

CT ya mishipa

Ni mbadala wa heshima pale MRI haipo, mashine imeharibika, au mgonjwa ana chuma mwilini. Picha ni safi, sekunde chache, na haitii chumvi kama MRA. Inataka sindano ya dawa yenye ayodini, hivyo figo zipimwe, na mwenye sikoseli anyweshwe au aongezewe maji vya kutosha kabla. Hushindwa kwa sababu mbili za kawaida: kanula ndogo iliyowekwa nyuma ya kiganja ikashindwa kupitisha dawa kwa kasi, au picha kupigwa mapema au kwa kuchelewa, ateri zikatoka hafifu au vena zikazifunika. Kanula iwe kwenye kiwiko. Vishipa vidogo vya chini ya ubongo havionekani vizuri kama kwenye anjiografia, ila mbano wenyewe utauona.

Kipimo cha umeme wa ubongo, neno moja tu

EEG huagizwa sana kwa sababu ya shaka ya kifafa. Ndani yake kuna hatua ambapo mtoto huambiwa aheme kwa nguvu kwa dakika 3. Hilo ndilo jambo lile lile linalomletea shambulio. Mwenye sikoseli au mwenye shaka ya moyamoya asifanyishwe hatua hiyo. Iandikwe kwenye fomu kwa herufi kubwa, na mzazi aiseme kwa mdomo pia.

Anjiografia ya katheta

Mrija mwembamba huingizwa kwenye ateri ya paja au ya mkono, hupandishwa hadi shingoni, na dawa hupulizwa ndani ya ateri moja moja huku filamu ikichukuliwa. Hakuna kinachoonyesha moyamoya kwa uwazi kama hiki, na hatua 6 za Suzuki, kuanzia ncha ya karotidi kuanza kubanwa hadi vile vishipa kutoweka na ubongo kulishwa na ateri za nje ya fuvu, zilitokana nacho. Afrika Mashariki hufanyika katika hospitali chache za miji mikubwa.

Je, kila mtu anakihitaji? Hapana. Mwongozo wa Japani unakubali MRI na MRA za mashine ya kutosha kwa kuutambua ugonjwa. Anjiografia inalipa pale upasuaji unapopangwa, pale damu imevuja na inatafutwa sehemu iliyopasuka, au pale MRA haieleweki. Ikifanyika, ifanyike kamili: karotidi za ndani mbili, karotidi za nje mbili, na ateri za uti wa shingo. Kosa linalorudisha wagonjwa mezani mara ya pili ni kuacha karotidi za nje. Daktari wa upasuaji anazihitaji kuliko zote, kwa sababu ateri ya ngozi ya kichwa inayotoka huko ndiyo atakayoishona kwenye ateri ya ubongo au kuilaza juu yake, na pia kwa sababu baadhi ya njia hizo tayari zinaulisha ubongo na kisu kisichojua kinaweza kuzikata.

Kasoro: kiharusi kinachoweza kusababishwa na kipimo chenyewe, ingawa mikononi mwa wazoefu ni nadra, kulala chali saa kadhaa baadaye, na bei. Mwenye sikoseli kwa kawaida huandaliwa kwa kubadilishiwa damu ili hemoglobini S (ile ya sikoseli) ishuke chini ya asilimia 30. Kanuni ya maji na kaboni ni ile ile ya MRI.

Vya kupima sambamba

Ateri zilizobanwa chini ya ubongo si moyamoya kila mara, na huku kwetu jambo hili lina uzito. Kifua kikuu cha utando wa ubongo hubana ateri hizo hizo. VVU na tetekuwanga pia huweza kufanya hivyo. Kwa hiyo picha ikitoka na mbano, kabla jina halijaandikwa kwenye faili: kipimo cha sikoseli kama hakijawahi kufanyika, VVU, homoni za tezi la shingo, na maji ya uti wa mgongo kama kuna homa, kukonda au shingo kukaza. Mtoto avuliwe shati na kuangaliwa madoa ya kahawia ya nyurofaibromatosisi. Ni bure na huchukua dakika moja.

Hakuna dawa inayothibitishwa kufungua ateri hizi. Aspirini hupunguza kuganda kwa damu kwa wanaopata vipindi vya ubongo kukosa damu, na upasuaji huleta njia mpya ya damu. Aina ya kuilaza ateri juu ya ubongo huchukua miezi kabla haijafanya kazi, ndiyo maana kuchelewa kutambua kuna gharama. Mgonjwa anayepelekwa India au kwingineko kwa upasuaji mara nyingi hupimwa upya tangu mwanzo kwa sababu alifika na filamu mbili zilizochapwa na karatasi ya ripoti. Kwenye dirisha la malipo omba CD au faili kamili la picha zote, si zile chache zilizochaguliwa. Lifungue kwenye kompyuta hapo hapo kituoni kabla hujaondoka, hakikisha jina na tarehe ni sahihi, na hakikisha MRA imo ndani. Vituo vingine huhifadhi picha kwa muda mfupi kisha huzifuta, na nakala hiyo ndiyo itakayolinganishwa na ya mwaka ujao.